Miche Niliyoitupa Korongoni

Nyaboke mwanangu, mama yangu,

Leo ni Sabato na nyumba imenyamaza. Ninyi mko kanisani, kwaya inakuimbia nyimbo za kukuaga, na mimi nimebaki nyuma kwa kisingizio cha goti. Goti langu halina neno, mama. Nilitaka meza hii iwe yangu peke yangu kabla ya jua kutua, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo cha ualimu huko Ukambani, na kuna jambo ambalo nimelibeba miaka mingi bila kukuambia.

Mambo ya sabuni, blanketi na namna ya kukaa na watu wa huko, mama yako amekwisha kukueleza, na shangazi zako wameongeza yao. Hayo nayaacha.

Utajiuliza kwa nini ninakuandikia kwa Kiswahili, sisi ambao humu nyumbani hatujawahi kusemezana ila kwa Ekegusii. Nimejaribu kwa Ekegusii. Nimejaribu mara mbili tukichuma chai, mimi upande huu wa mstari na wewe upande ule. Kila mara neno la kwanza likinifika mdomoni linageuka mzaha, kwa sababu kwa Ekegusii mimi ni baba yako, na baba hapa kwetu hana makosa. Kwa Kiswahili mimi bado ni yule mtoto wa darasa la nne aliyesimamishwa mbele ya wenzake asome kwa sauti. Huyo anaweza kusema ukweli.

Nje ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni. Umekwisha kuifunika migomba, sasa unaigusa miti ya chini. Nikiutazama hivi nakuwa kama mtu aliyelala nusu.

Wewe ulizaliwa msitu wa zamani ungali pale kilimani. Nimekuuliza mara nyingi kama unaukumbuka, nawe husema unakumbuka giza la kijani na harufu ya uyoga, halafu unacheka na kusema labda uliota. Mimi pia siku hizi sijui ni kipi nilichokiona na ni kipi nilichokiota. Najua kwamba nilipokuwa mdogo, bibi yako, huyo uliyerithi jina lake, alikuwa akinishika mkono asubuhi tukaingia msituni kutafuta uyoga, na hatua tano tu kutoka kwenye mwangaza dunia ilibadilika. Sauti za nyumbani zilikatika. Ukungu ulining'inia kati ya miti kama nguo zilizoanikwa. Mbega walikaa juu na manyoya yao meupe, wakatutazama bila haraka. Chini ya mti mmoja mkubwa, ambao mizizi yake ilinipita kwa kimo, palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka polepole, bila kelele, ungedhani jiwe linatoka jasho. Bibi yako alikuwa akinikataza kuongea pale. Hakunipa sababu, na mimi sikuiomba.

Kilima hicho hakikuwa cha mtu. Watu wote wa upande huu walichota maji pale, kuni tulizookota ni zilizoanguka zenyewe.

Miaka michache baada ya uhuru wapimaji wa ardhi wakaja na minyororo yao. Kila mtu alitaka kuujua mpaka wake. Wazee wakaitisha mkutano, wakasema mashamba yapimwe lakini kilima kiachwe kama kilivyo. Karibu wote waliafiki. Mimi nikasimama. Nilikuwa kijana, nilikuwa na sauti, besi ya kwaya kama unavyojua, na nilipenda kusikilizwa. Nikasema msitu haumlishi mtu. Nikasema kule kwa wenzetu watu wamepanda pareto, wanauza maua yake, na sasa wanaezeka mabati, na sisi tunawafugia nyani miti. Watu wakacheka. Walipocheka vizuri nikaongeza mengine, na nilipokaa chini kilima kilikuwa kimekwisha kugawanywa vichwani mwao. Nilipata kipande cha juu, chenye chemchemi.

Ninakuambia haya kwa sababu umesikia watu wakisema kwamba msitu uliisha kwa sababu watu waliongezeka. Waliongezeka, ni kweli. Lakini msitu huu ulikuwa na mtu aliyesimama akaufanyia mzaha, na mtu huyo ni mimi.

Ule mti mkubwa ulinichukua siku mbili. Siku ya pili bibi yako alipanda kilimani akiwa na kikapu chake. Alikuwa ameanza kuzeeka, akapumzika mara nyingi njiani. Alikaa juu ya jiwe akanitazama nikipiga shoka mpaka mti ukaegemea, ukalia, ukalala. Nuru ikaingia pale kwa mara ya kwanza, nuru kali, na chemchemi ikaonekana ndogo na ya aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango akioga.

"Sasa utaifunika na nini?" akaniuliza.

"Nitaijengea saruji, mama," nikamjibu.

Aliinuka jiweni. Aliokota uyoga uliokuwa umeota kwenye shina lililoanguka, akateremka. Alifariki kabla ya mavuno yangu ya kwanza.

Sitakudanganya kwamba mavuno hayo hayakunifurahisha. Umewahi kuiona pareto ikichanua kilima kizima? Asubuhi, kabla ukungu haujapaa, huwezi kujua mahali maua yanapoishia na mahali ukungu unapoanzia. Mama yako alikuwa akichuma akiimba, amekufunga mgongoni ingawa ulikuwa umeshakuwa mkubwa wa kutembea, kwa sababu ulikuwa ukikanyaga maua. Tuliezeka mabati. Nilikuwa nikilala nikiisikiliza mvua juu ya mabati yangu, nikajiona mtu.

Mvua hiyohiyo ilikuwa ikiuchukua udongo. Sikuuona ukienda. Mwaka wa kwanza ulikwenda mwembamba, kama maziwa yanayomwagika kidogo. Mwaka wa pili pakawa na mfereji ambao ningeweza kuuruka. Mwaka wa tatu ukawa korongo, na ng'ombe wetu mwekundu akatumbukia akavunjika shingo. Pareto ikabaki juu ya mawe. Na chemchemi, ambayo niliijengea saruji kweli, ilianza kutoa maji ya kahawia, kisha matone, kisha asubuhi moja ya kiangazi nilikuta chura mkavu ndani ya kile kisanduku changu cha saruji. Nikamtupa. Sikumwambia mtu. Kana kwamba mama yako asingegundua kwamba hakuna maji!

Tangu hapo alikuwa akiteremka mpaka mtoni. Unaijua njia ile. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu udongo wa kilima changu ulikuwa umeimwagikia, na mvua ikinyesha uliteleza kama sabuni. Siku aliyoanguka ulikuwa shuleni. Ogeto, jirani yetu wa chini, ndiye aliyemkuta, mtungi umepasuka, mguu umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani peke yake. Mvua ilikuwa imekata barabara, hatukuweza kumfikisha hospitali, tukamwita mtu wa kuunga mifupa, naye akafanya alichoweza. Mguu ukapona ukiwa umepinda.

Hapa ndipo ninapoanza kukuhusu wewe.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikutoa shuleni mwaka mzima ukachote maji. Ulilia, ukaniuliza kosa lako ni lipi, nikakuambia huna kosa, ni mguu wa mama yako. Nilikuacha uamini hivyo. Niliona ukimtazama mama yako kwa jicho fulani, jicho la mtoto aliyenyimwa kitu, na yeye akiliona jicho hilo akainamisha kichwa, akakupa nyama yake kwenye sahani. Na mimi nikala yangu. Wenzako uliosoma nao wamekwisha kumaliza mwaka chuoni. Huo mwaka mmoja haukuchukuliwa na mama yako, Nyaboke. Niliuchukua mimi, siku niliyosimama katika ule mkutano nikawachekesha watu.

Nimesimama kidogo. Nimetia kuni jikoni na kurudi. Ukungu umefika dirishani.

Kuna jingine, na hili wazee wanalijua, lakini wewe hukuambiwa.

Mama yako alipoweza kusimama kwa fimbo, alianza kufanya jambo ambalo mimi niliona ni la mtu aliyechoka akili. Kule upande wa pili wa kilima, penye miamba ambapo shoka halikufika, kulikuwa kumebaki kapande ka msitu wa zamani. Alikuwa akienda huko akichechemea, akichimbua miche iliyoota chini ya miti, akiirudisha katika kikapu. Hakuwa na kitalu. Aliipanda katika vipande vya mtungi wake uliopasuka na katika maganda ya migomba aliyoyakunja kama vikombe, akaipanga nyuma ya jiko. Alikuwa akiimwagilia maji ya kuoshea vyombo, maji uliyoyachota wewe. Mvua zilipoanza aliipanda kilimani, kuizunguka ile chemchemi kavu, mmoja hapa mwingine pale, katikati ya pareto yangu.

Nilimwambia kivuli kitaua pareto.

"Pareto gani?" akaniuliza.

Basi. Maneno hayo mawili. Hakuyasema kwa ubaya. Lakini niliyasikia kila siku nikilima yale mawe, na nilipoiona ile miche imesimama, myembamba, na majani yake mawili matatu, niliona kama yote inanicheka. Asubuhi moja, mama yako akiwa ameketi kanisani katika mkutano wa kina mama na wewe uko mtoni, nilipanda kilimani nikaing'oa. Yote. Nilikuwa na hasira lakini nilikuwa mpole nayo, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Niliing'oa pamoja na udongo wake, mmoja mmoja, nikaibeba kwa kumbatio, nikaitupa korongoni.

Jioni mama yako alipouliza, nilisema ni mbuzi wa Ogeto.

Ogeto, yule aliyembeba mgongoni.

Mama yako alikwenda kwake akapiga kelele, yeye ambaye hana kelele. Wazee wakaitwa. Ogeto akaapa kwamba siku hiyo mbuzi wake walikuwa wamefungwa. Wakanigeukia mimi: "Uliwaona?" Nikasema, "Niliwaona." Wakaamua Ogeto atoe mbuzi mmoja, naye akamtoa, jike lenye mimba, akamfunga hapo nje penye nguzo, akaenda zake bila kunitazama. Nyumba zetu mbili ziliacha kusalimiana. Mke wa Ogeto na mama yako walikuwa kama dada. Wewe na binti yao mlikuwa mkienda mtoni pamoja, na tangu siku ile kila mmoja alikwenda saa yake.

Nilikuwa nikiota kila mara wakati ule. Ni ndoto moja tu. Naingia katika msitu wa zamani, nashika shina la mti, na shina lina joto, kama ubavu wa ng'ombe. Nasikia linapumua. Kisha nageuka kumwambia bibi yako, na ninamkuta amekaa juu ya jiwe, anaangalia mikono yangu.

Mwaka ukapita, na zaidi ya mwaka. Mvua ndefu zilipokwisha, mama yako aliteremka korongoni kumtafuta kuku aliyepotea. Alikaa huko muda. Aliporudi aliniita, "Baba Nyaboke, njoo." Sauti yake haikuwa na kitu. Nikamfuata, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma.

Chini kabisa ya korongo, mahali tope lilipokuwa limetulia, palikuwa na miche imesimama. Michache ilikufa, lakini mingine, kumi, labda kumi na mitano, ilikuwa imekamata tope ikaota imebanana hivyohivyo nilivyoitupa, mwingine umelala juu ya mwenzake kisha ukapinda kuelekea juu. Mirefu kama wewe ulivyokuwa. Na nyuma yake tope lilikuwa limejikusanya likawa kama kibaraza, na juu ya kibaraza hicho majani mabichi yalikuwa yameota. Lile korongo lote lilikuwa likishuka kila mwaka, na hapo lilikuwa limesimama.

Mama yako aliugusa mmoja kwa fimbo. Kisha akasema, "Mbuzi wa Ogeto wana mikono."

Nikangoja aseme mengine. Nilitaka aseme. Alianza kupanda kurudi nyumbani, na palipokuwa na mwinuko mkali alinyoosha mkono bila kugeuka ili nimshike, kama alivyonyoosha siku zote. Nikamshika. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na hakuna siku imenipita bila kuihisi.

Kesho yake nilimpeleka mbuzi kwa Ogeto, yule jike na watoto wake wawili. Nilimkuta akichimbua migomba yake, kwa maana udongo wa kilima changu ulikuwa ukiizika mwaka hadi mwaka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Nilijua mbuzi wangu walikuwa wamefungwa," akasema. "Kwa hiyo nilijua kwamba unasema uongo. Nilichokosa kukielewa ni kwa nini."

Nikamwambia hata mimi sielewi vizuri.

"Hawa mbuzi waache," akasema. "Lakini udongo huu wote ni wako. Njoo uuchukue."

Nilidhani ni maneno ya uchungu. Alikuwa na maana yake hasa. Tuliitisha wazee, nikasema kosa langu mbele yao, kwa sauti ileile ya besi, na safari hii hakuna aliyecheka. Halafu kwa misimu mitatu mimi na Ogeto tulichimba matuta ya kuzuia maji, tukianzia kwake chini, tukapanda mpaka tukavuka mpaka wetu, tukafika kwangu juu. Udongo tuliuzoa kwa vikapu tukaurudisha. Kingoni mwa matuta tulipanda nyasi za nepia za ng'ombe, na katika kila tuta mstari wa miti, omosabisabi ambayo inakua upesi na majani yake yanarutubisha, omosocho wenye majani mapana, na ile ya msituni ambayo mama yako alituonyesha namna ya kuichimbua bila kuikata mzizi. Kati ya mistari tukaweka mahindi na maharagwe, na migomba palipokuwa na unyevu. Hatukuacha kulima. Tungekula nini? Ila sehemu ya juu kabisa, inayoizunguka chemchemi, tuliiacha. Niling'oa pareto kwa mkono wangu mwenyewe.

Usidhani hapo nilikuwa nimekwisha kuerevuka. Mwaka wa pili niliona miti ya mama yako inachelewa, nikaenda kutafuta mikaratusi, kwa kuwa nilisikia kwamba inarefuka ukiitazama. Bwana shamba mwenyewe aliniambia nisiipande karibu na maji. Nikamwambia maji yenyewe hayapo, nikaipanda mstari mzima pale chemchemi ilipokuwa. Kweli ilirefuka. Nikawaita watu waje waone. Na ule unyevunyevu mdogo uliokuwa umeanza kurudi chini ya mawe, ambao mama yako alikuwa akiugusa kwa kiganja kila Jumapili, ukakauka kabisa. Niliikata, ikachipua. Nikaikata, ikachipua tena. Ogeto alikuwa akipita anacheka mpaka anaketi. Ilinibidi nichimbe visiki vyote, kimoja kimoja, na hilo goti ninalolisingizia leo liliumia huko.

Nimekuwa mtu wa haraka maisha yangu yote, Nyaboke. Nimekuona nawe una haraka, tena ina sura yangu. Sikuambii uiache, kwa sababu mimi sijaweza. Nakuambia tu kwamba nilipokuwa na haraka sana nilimtazama mama yako akipanda mti asiojua kama atauona ukikua, nikamwona mjinga.

Baada ya hapo mambo yakaenda polepole, na sina mengi ya kusimulia, kwa maana kukua kwa miti hakusimuliki. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi shuleni, ukaenda mpaka shule ya bweni. Kila likizo ulipoteremka kwenye gari kule barabarani na kupanda hapa, ulisema kilima kimebadilika, na sisi tunaokaa hapa hatukuona. Majani yalianguka yakaoza. Kuni tulipata kwa kupogoa matawi, hukutumwa tena kwenda mbali. Majirani wawili wa upande wa mashariki wakaja kuomba miche, kisha wengine. Ndege wakaanza kuleta mbegu za miti ambayo hakuna kati yetu aliyeipanda. Niliukuta mmoja umeota katikati ya migomba, wenye majani kama ya ule mti mkubwa wa bibi yako. Nilikaa chini kando yake muda mrefu.

Siku maji yaliporudi ulikuwa shuleni, tena ulikuwa na mitihani, ndiyo maana hatukukuandikia. Hayakurudi kwa kishindo. Mama yako aligusa mawe kama kawaida yake, akakiangalia kiganja, akakipangusa kwenye shavu langu. Kilikuwa baridi. Akamwita mke wa Ogeto, yule dada yake, wakakaa pale wawili, miguu yao ndani ya tope, wakazungumza hadi jua likaelekea kutua. Sikukaribia. Niliwasikia wakicheka tu kati ya miti, wakati mwingine sikuweza kuwaona kwa ukungu, na nilipata kufikiri kwamba ninaota, nikaamua nisijaribu kuamka.

Mwezi uliopita mtu wa mbao alikuja kutoka mjini. Alizunguka akipigapiga mashina kwa kiganja, akataka miti yote ya matuta ya juu kwa mara moja. Zamani ningesema ndiyo kabla hajamaliza. Nilimwambia angoje. Nilikwenda kwa mama yako, nikaenda kwa Ogeto, tukatembea watatu siku nzima, mti kwa mti, tukabishana. Tulimpa minne, ile iliyokuwa ikiwanyima wenzake nuru, na sanduku lako la bati na nauli yako vimetoka humo. Ogeto mwenyewe ndiye aliyesema, "Mtoto huyu alichota maji mwaka mzima. Mpeni miti." Hivyo nilijua kwamba naye alikuwa akikumbuka mwaka wako.

Nuru imepungua, naona herufi kwa shida, na karibu mtarudi. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie huko, vizuri, kwa muda unaokutosha. Ninaloomba ni kwamba umtazame mama yako asubuhi ukiwa unajua.

Na kuna hili. Siku ile korongoni angeweza kuondoka. Ndugu zake walikuwa tayari kumpokea, kwao Nyanchwa si mbali, na wazee wangempa haki. Nimelala kando yake miaka yote hii na sijawahi kumwuliza kwa nini alininyooshea mkono. Wewe ni binti yake, na sasa ni mtu mzima. Kesho mtatembea wawili mpaka barabarani, mimi nitabaki nyuma na sanduku. Ukiona nafasi, muulize. Akikujibu, usiniandikie alichosema. Niandikie tu kwamba umemwuliza, nami nitajua kwamba kuna mtu anayelijua jibu.

Nasikia mlango wa uani.

Baba yako